Landrova ya Vifaa vya Kuazima

Walisema sitaweza hata kuitoa kwenye majani. Niliporudi Ntobeye kutoka Mwanza, nikiwa na stashahada ya ufundi wa magari na sanduku moja la spana, nilinunua Landrova ya dizeli iliyokuwa imelala miaka mingi nyuma ya ghala la kahawa. Jirani yangu, Mzee Kagoma, alinong'ona kwa sauti ambayo alitaka niisikie: "Huyu alikwenda kusomea magari, amerudi kuyazika."

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kambi zilijaa wilayani kwetu Ngara, na kila gari lenye nguvu ya kupanda mlima na mzigo lilikodiwa. Siku yangu ya kwanza kambini, Ofisa Usafirishaji aliniandikisha bila kuniangalia.

"Ukaguzi Jumatatu ijayo," alisema. "Likifikisha tani moja ya mahindi juu ya kilima, una kazi. Likishindwa, usirudi hapa."

Vifaa sikuwa navyo, nikaazima. Padri wa parokia alikuwa na Landrova ya aina hiyohiyo iliyokufa difu, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Akanipa stata, kifaa kinachozungusha injini ili iwake. Mwalimu Mkuu mmoja wa Bugarama alinipa betri aliyokuwa akisikilizia redio. Mzee Kagoma naye akatoa springi za tela lake, ili, alisema, asikose la kusimulia. Niliwaahidi wote: nikishindwa ukaguzi, Jumanne kila kitu kinarudi.

Nilifanya kazi yote kwa mikono yangu. Breki nilizisafisha. Gasketi, ile karatasi ngumu inayozuia oili isivuje, niliikata mwenyewe kutoka kwenye boksi la sabuni. Hakuna fundi aliyegusa nati hata moja, na hilo nililisema sokoni mara nyingi.

Ijumaa nilirudisha pampu ya dizeli niliyokuwa nimeing'oa ili niisafishe, nikaipanga kwa alama iliyochongwa kwenye injini, kama tulivyofundishwa chuoni. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Nikarudia mara nne. Jumamosi ikawa vilevile, na betri ya Mwalimu Mkuu ikaanza kuchoka.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa Fundi Masunga, Msukuma wa Kaniha aliyehamishia kibanda chake karibu na kambi. Alinizidi umri, na shule aliiacha darasa la nne.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, msomi. Nasikia nati zako haziguswi."

"Leo ziguse."

Alikuja, akaichungulia injini kwa muda mrefu. "Umeipanga kwa alama ipi?"

"Hii hapa, ya kiwandani."

"Msomi, injini hii imeoa mara tatu, wewe bado unasoma cheti cha ndoa ya kwanza."

Gia za ndani zilikuwa zimetoka kwenye injini nyingine, kwa hiyo alama ile haikuwa ya kweli tena. Masunga alitaka kuweka taimingi, yaani kupanga pampu irushe dizeli kwa wakati wake, bila kutegemea alama. Nikamwambia anielekeze tu, nitaifanya mwenyewe.

"Kutengeneza ni bei moja," alisema. "Kutengeneza huku unanitazama ni bei mbili."

Nililipa bei mbili. Aliizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu, akaisogeza pampu taratibu mpaka dizeli ikatuna kwenye mdomo wa bomba, akakaza nati. Tulipoiwasha, iliitika mara moja.

Jumatatu tani moja ilifika juu ya kilima, na kazi nikaipata. Nilibeba mizigo Ngara, halafu kambi za Biharamulo, na madereva wa huko wakaanza kuniletea pampu zao. Taimingi nilizoweka sina idadi yake, na sijawahi kurudishiwa gari.

Leo nimestaafu, na vijana huniuliza kama watengeneze wenyewe au wamlipe fundi. Nawajibu: ukiuona ubovu kwa macho, fungua mwenyewe. Ukiwa unakisia tu, mlipe fundi, na ulipie kumtazama.

Vile vifaa vya kuazima nilivirudisha kimoja kimoja, miaka ileile ya kambi. Mwalimu Mkuu alipata betri mpya. Mzee Kagoma aliyahesabu majani ya springi zake, vile vyuma bapa vinavyolaliana, mara mbili, akakuta lililokuwa na ufa nimelibadilisha, akanyamaza, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa. Wa mwisho alikuwa Padri. Nilimpelekea stata mpya, akaikataa.

"Hiyo siijui, mwanangu. Nipe yangu."

Nikalala chini ya gari langu kwenye uwanja wa parokia, nikaifungua stata yake, nikaifunga kwenye Landrova yake, ambayo difu yake nilikuwa nimekwisha kuitengeneza bure. Ikawaka. Padri hakuzima hata kidogo. Alinipungia mkono, akaondoka kwenda kumwona mgonjwa.

Nikabaki peke yangu. Nikaifunga stata mpya kwenye gari langu, nikafuta mikono, nikageuza ufunguo. Kuanzia taa za mbele hadi bomba la moshi, hapakuwa na hata nati moja ya kuazima.