Fundi wa Benki ya Damu

Fundi kompyuta wa hospitali yetu alikuwa mtu wa sauti ya chini na vidole vyembamba. Programu ya Java ya benki ya damu ilizimika kila alipofunga akaunti yake kwenye seva, kwa hiyo aliiacha wazi kutwa. Hata chakula alikula palepale, jicho kwenye skrini. Siku mdogo wake alipopiga simu kwamba mama yao amezidiwa, hakunyanyuka kwanza. Aliandika maagizo ili programu ijiendeshe chinichini bila yeye, na ijiwashe tena ikianguka. Kisha akafunga akaunti.

"Dada, damu bado unaiona?" aliniuliza mimi wa maabara.

"Naiona yote, kaka. Nenda!"

Akatoka mbio. Kabla ya kukata roho, mama yake alimwita mara moja tu, naye alikuwepo kuitika.