Mikate Kwenye Kitasa

Jumanne iliyopita nilimpoteza mama yangu. Yeye alikuwa Moshi, mimi niko huku Guangzhou nikinunua viatu. Mama Neema, mfanyabiashara mwenzangu, aliingia chumbani kwangu Sanyuanli bila hodi, akaketi juu ya katoni, akafunua maandazi. "Kula, mdogo wangu. Kilio na njaa haviendi pamoja." Harufu ya iliki ikanirudisha Jönköping.

Ni mji mdogo wa Uswidi, kwenye ncha ya ziwa refu ambalo ukisimama ufukweni huoni mwisho wake. Zamani walitengeneza viberiti. Makanisa ni mengi, na wakati wa baridi kila dirisha huwa na taa, ila huoni mtu akiingia kwa jirani.

Baba alisafisha mabasi pale. Alipofariki nilikuwa na miaka minane. Wenyeji huzika baada ya wiki kadhaa, basi mama akatandika mkeka sebuleni, akakaa kungoja watu waje kumpa pole. Majirani tuliokutana nao dukani waliinamisha vichwa tu. Kila ngazi zilipolia, mama aliinua uso.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa. Ndani mlikuwa na mikate midogo iliyosokotwa, bado ya moto, inanukia iliki kama jikoni kwa bibi. Birgit, mzee wa ghorofa ya chini, alikuwa akishuka kwa soksi, viatu mkononi.

"Ameondoka? Bila hata kubisha?" mama aliuliza. "Mimi si mbwa wa kutundikiwa chakula. Rudisha!"

Mate yalinijaa mdomoni. Nilishuka, nikautundika kwenye kitasa chake. Nami sikubisha, nilidhani ndiyo adabu ya kurudisha. Hakuleta tena, na mama aliomboleza peke yake hadi siku ya kuzika.

Mwaka jana, katika soko la viatu la Liuhua huku Guangzhou, nilikutana na mnunuzi Mswidi. Nilipomsimulia kwa Kiswidi changu cha kitoto, alishangaa. Kwao mfiwa huachwa atulie. Kumgongea mlango ni kumsumbua. Yule mzee alivua viatu ili asituamshie uchungu.

Jioni ile nilimpigia mama simu, nikamweleza yote.

"Kumbe alikuja," akasema.

Kisha akaniuliza kama Birgit bado yu hai. Nikamwambia sijui.