Mashavu ya Binti Yangu

Kwetu huku Eldoret, ukitaka kumsifu mwanamke unamwambia, "Umenenepa." Mimi hilo neno sitaki kulisikia. Nitasema kwa nini, na atakayekasirika akasirike.

Miaka ile ya chama kimoja, binti yangu wa kwanza alikuwa fundi wa nguo pale mtaa wa West Indies, anashona sare za shule. Ugonjwa wa viungo ukamshika, vidole vikavimba hata mkasi ukamshinda. Kliniki wakampa vidonge vikali. Vilimsaidia, sitadanganya, akarudi kwa cherehani yake. Lakini uso ukajaa, ukawa mviringo kama sufuria. Watu wakafurahi! Jirani yangu kule nyumbani Turbo alinipigia kelele kutoka kwa ua:

"Mama, maziwa yote ya mursik unampa huyo msichana? Tuachie hata kikombe!"

Nikacheka. Nani hangecheka?

Kisha jicho la kushoto likawa jekundu. Akasema anaona ukungu, na vidoa vyeusi vinaelea. Uzi ukawa unapita kando ya sindano. Akilala, anaamka shuka limelowa jasho. Nikampeleka kliniki ileile. Tulikaa kwa benchi mpaka kiuno kikaniuma, halafu mkubwa mmoja wa chama akaja na dereva wake, akapita mbele yetu sote. Hakuna aliyefungua mdomo. Siku hizo mdomo ulikuwa wa kula tu.

Tulipoingia nikasema, "Daktari, huyu ana joto na jasho. Si mumpime kifua?"

Yule daktari kijana hata kalamu hakuweka chini. "Mama, mwenye TB hukauka kama hindi la kiangazi. Huyu wako ukimpeleka shoo ya kilimo atashinda ng'ombe."

Wauguzi wakacheka. Binti yangu akainamisha hayo mashavu yake. Akapewa dawa ya kupaka machoni, na vile vidonge vya viungo akaongezewa. Akaongezewa!

Tulirudi tena hapo kliniki, tukafukuzwa na jibu lilelile. Jicho la kushoto likazimika kabisa. La kulia lilipoanza ukungu, nikamfunga leso nikampeleka hospitali ya misheni, mbali. Daktari mzee wa huko akammulika ndani ya macho, halafu akanigeukia.

"Mama, nyumbani kuna mtu aliwahi kutibiwa kifua?"

"Baba yake. Huyu akiwa bado mgongoni."

"Na kabla ya kupewa hivi vidonge, kuna mtu aliwauliza hivyo?"

"Hakuna."

Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba vidonge hivyo hutuliza viungo, lakini pia huulaza ulinzi wa mwili. TB ya baba ilikuwa imelala ndani ya mtoto miaka yote, ikaamka, ikapanda machoni. Na mashavu hayakuwa afya. Yalikuwa dawa.

Akadungwa sindano na kumeza dawa za TB miezi mingi, vile vidonge vya viungo vikapunguzwa polepole. Jicho la kulia likapona. La kushoto halikurudi. Swali moja tu lingeliokoa! Ule mzaha wa ng'ombe ulikuwa mrefu kuliko hilo swali.

Binti yangu alirudi kushona, kichwa amekigeuza upande kama kuku anayetazama mwewe. Mashavu yalikuwa yameisha. Jirani alipomwona akashika kidevu.

"Uui, Mama, msichana amekonda hivi! Ni mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa ulipokuwa ukimsifu," nikamwambia. "Sasa amepona. Keti."