Ndege Katikati ya Mafunjo

Katsuva, muuzaji wa maharagwe katika soko la Bunia, alikuwa akimchunguza mke wake kimyakimya. Espérance alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kila alipoulizwa alijibu kwamba anaona vizuri. Lakini bado alipapasa ukuta kila alipotoka chumbani. Katsuva aliogopa kwamba mkewe anamficha ukweli ili asimvunje moyo.

Likizo ilipofika, binti yao Annie akaomba waende kuona viboko. Katsuva alikubali upesi, akiwa na sababu yake. Shemeji yake aliwachukua kwa gari, wakapita Bogoro, wakateremka mpaka ziwani. Huko mvuvi mmoja akawapakia katika mtumbwi wake na kuwaingiza polepole kwenye vijia vya maji katikati ya mafunjo.

Wote waliwaona viboko. Hapo Katsuva hakupata jibu, maana kwa mikoromo ile hata kipofu angejua pa kutazama.

Mbele kidogo Espérance akanyoosha mkono.

"Iko ndege pale. Mukubwa."

Wote walitazama. Annie akamwambia mama yake kwa upole kwamba kile ni kisiki tu. Mvuvi naye akakubaliana na Annie. Espérance hakubadili neno. Katsuva akaanza kutafuta maneno ya kumwambia warudi kwa daktari bila kumtia aibu.

Kisha kisiki kikageuza kichwa. Alikuwa ndege wa kijivu, mrefu karibu sawa na Annie, mwenye mdomo mpana kama kiatu. Alipiga hatua moja, akautumbukiza mdomo majini, akaibuka na kambale anayejipindapinda. Mvuvi aliacha kupiga kasia, akakiri kwamba hata yeye humwona ndege huyo kwa nadra.

"Niliona jicho yake," Espérance akasema. "Iko manjano."

Katsuva alishusha pumzi ndefu, kisha akamuuliza kwa nini, basi, anapapasa ukuta.

"Ni mazoea, baba Annie. Mukono haiyajua bado kama macho imepona."

Waliporudi ufukweni waliagiza samaki wa kukaanga. Katsuva, ambaye asubuhi hakuweza kumeza kitu, alikula mpaka akaomba sahani ya pili. Espérance alikuwa kando yake, akichambua miiba mwenyewe.