Radhi za Bi Ruba

Mwalimu Ruqaya wa Faza hajui kunyamaza, na hilo limemponza mara nyingi. Alipotaka kwenda chuo cha ualimu, ami zake walikaa kikao bila yeye. Akaingia na kuwaambia kwamba ameshajiandikisha. Miaka ishirini na sita sasa anapanda bodaboda kila asubuhi kwenda kufundisha Chundwa, na hakuna afisa wa elimu aliyewahi kumaliza mkutano bila kumsikia.

Kwa hiyo mradi mmoja ulipowaita walimu Amu, yaani Lamu mjini, kuwaonyesha tableti za kufundishia hesabu, ni yeye aliyesimama. Ndani ya tableti hizo mlikuwa na kikatuni, kitoto cha kaptura kinachokosea makusudi ili mwanafunzi akirekebishe kwa kubonyeza kitufe chekundu. Ruqaya alikataa katakata. Alitaka mtu ambaye watoto wa visiwani wangemtambua: bibi mtu mzima, miwani puani, mtandio kichwani. Alibishana nao mpaka wakamchora, wakamwita Bi Ruba.

Bi Ruba akaja Chundwa, akasema saba mara nane ni hamsini na nne. Watoto thelathini na mmoja wakainamisha vichwa, wakaziba midomo, na hakuna aliyebonyeza chochote.

Wiki ya tatu alifika Tevin, kijana wa mradi kutoka Nairobi, na fomu na masanduku matupu. Mashine ilikuwa imehesabu makosa yote yaliyopita bila kurekebishwa, na darasa la Ruqaya ndilo lililoshika mkia. Fomu ilisema wanafunzi hawajui, tableti zipelekwe shule nyingine. Ilibaki sahihi ya mwalimu tu.

Ruqaya alimgeukia Shifa, binti anayewapigia wateja hesabu kichwani dukani kwa baba yake, akamuuliza kwa nini hakubonyeza.

"Ni mtu mzima yule, mwalimu," Shifa akasema, macho chini. "Tamwambiaye kuwa hayui?"

Aibu ilimshika Ruqaya, maana kosa lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyewaletea mtu mzima, kisha akatarajia wamkosoe mbele ya watu. Tevin, kwa upole, akasema kile kikatuni cha kaptura bado kipo, na shule itakayofuata itapewa hicho. Upole ule ndio uliomchoma zaidi. Watoto wake wanyang'anywe kwa sababu wana adabu?

Tableti ina mahali pa mwalimu kurekodi salamu. Tevin alimwonya kwamba matokeo yameshafungwa, asiguse kitu. Ruqaya akagusa. Akaigeuza sauti yake ikawa ya kizee, akasema taratibu, kwa maneno ya nyumbani kwao:

"Wanangu, nimekuwa mzee, hesabu zanipotea. Nikikosa nambiani. Radhi zangu munazo."

Akaisambaza salamu kwenye tableti zote, akaziwasha upya. Bi Ruba akatoa salamu ile, kisha akasema tena saba mara nane ni hamsini na nne. Darasa likasita. Shifa akanong'ona, "Niwie radhi, bibi," akabonyeza. Wengine wakafuata, kila mmoja na samahani yake, na vitufe vikalia darasa zima mpaka makosa yakaisha.

Tevin alitazama, akatabasamu, lakini akaisogeza fomu. Alisema yeye ametumwa tu. Ruqaya akaisukuma ikarudi, akamwambia kwamba hatatia sahihi uongo, hata wakimhamisha yeye pamoja na tableti.

Shifa alikuwa amefika kando ya meza, anaisoma fomu. Akaweka kidole juu ya neno "hawajui".

"Niwie radhi, Bwana Tevin," akasema. "Hapa umekosa."

Darasa likamsubiri. Tevin akachukua kalamu, akalikata neno lile, kisha akayabeba masanduku yake matupu hadi kwenye bodaboda.