Meza ya Dada Mhuri

Mtu asikudanganye kwamba wifi ni wifi tu. Kuna wifi wa kuonana naye kwenye harusi na misiba, mkasalimiana yakaisha. Halafu kuna wifi kama Dada Mhuri, ambaye akija kukutembelea anafunua masufuria kabla hajavua viatu. Huyo ndiye aliyemwangukia Mama Randa siku alipoolewa, na miaka ishirini na miwili baadaye walikuwa bado wanataniana kila wakikutana. Kupendana walipendana, tena sana, ila ukimwambia mmoja wao hivyo atakana mchana kweupe.

Mama Randa alikuwa seremala. Kazi alifundishwa na baba yake, na jina alipewa na wateja, maana ukimkuta karakanani kwake asubuhi maranda yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Vitanda, milango, makabati, vyote vilipita mikononi mwake. Meza ndiyo usiseme. Meza alikuwa akitengeneza huku anapiga soga, sentimita sabini na tano kwenda juu, hajiulizi mara mbili. Baba yake alifanya hivyohivyo, na yeye hakuona sababu ya kumsahihisha marehemu.

Dada Mhuri naye alikuwa mtunza masjala wa ofisi ya ardhi. Kama hujawahi kufika masjala, ni kile chumba chenye makabati hadi darini, ambamo kila barua inayoingia au kutoka huandikwa kwenye daftari, ikapewa namba, ikagongwa mhuri. Watu waliokuja kutafuta faili za viwanja vyao walipanga foleni dirishani kwake. Alikijua kila kiwanja, na ugomvi wa kila kiwanja. Wakubwa watano walikuja wakaondoka, yeye yupo.

Sasa siku moja korido ilikuwa imepigwa deki, haijakauka, na Dada Mhuri akapita na viatu vyake vya visigino. Alianguka kwa mgongo. Hospitali walimtibu, akapona kiasi cha kupona, lakini daktari akampa sharti: asikae zaidi ya nusu saa mfululizo, na kusimama vilevile asizidishe. Abadilishe, akae kidogo, asimame kidogo, kutwa nzima. Daktari ni mtu mzuri, ila hakuuliza meza ya masjala ina urefu gani.

Matokeo yake unayajua. Dada Mhuri akikaa, mgongo unawaka moto. Akisimama, meza iko chini magotini huko, hawezi kuandika. Akawa anaandika mistari miwili, anazunguka chumba, anarudi. Faili zikalundikana mpaka zikaziba dirisha. Mkuu wa ofisi, mtu mrefu mpole asiyependa kelele, alimwita akamwambia kwamba ikifika mwisho wa mwezi mambo yakiwa yaleyale, atampendekeza astaafishwe kwa sababu za afya. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonea huruma, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni ile alikuja jikoni kwa Mama Randa, akaegemea ukuta, wala sufuria hakufunua. Mama Randa akajua kuna jambo. Dada Mhuri alikuwa mjane, mtoto hakujaliwa, na nyumbani kwake palikuwa na redio na paka.

"Wifi," alisema, "mimi sina mtoto wa kuniuliza nimeshindaje. Wanaoniuliza ni wale watu wa dirishani. Nikiondoka pale, nani ataniuliza?"

Kwa swali hilo Mama Randa alitoa jibu la seremala. Alisema atamtengenezea meza inayopanda na kushuka, ukitaka kukaa inakaa nawe, ukitaka kusimama inasimama nawe. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutengeneza mia. Kumbe hata moja hajawahi kuiona. Mdomo uliponza kichwa, na wiki zilikuwa nne tu.

Ya kwanza ilikuwa ya aibu, na mimi sitamfichia. Alitoboa matundu kwenye miguu, akatia pini za chuma: ukitaka meza ipande unachomoa pini, unainua, unachomeka tundu la juu. Urefu wa kusimamia aliupata palepale jikoni, kwa kupima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha wifi yake. Mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, akaibeba hadi ofisini. Kwanza ikagundulika kwamba kuinua meza ile kunahitaji watu wawili wenye migongo mizima. Pili, meza ikawa fupi. Dada Mhuri aliinama juu yake kama anatafuta sindano. Mama Randa akapima tena, akaona tofauti ya vidole vinne, akakuna kichwa, halafu akatazama chini. Visigino! Jikoni alipimwa miguu mitupu, ofisini kavaa vilevile viatu vilivyomwangusha. Wakavutana hapo wee. Mama Randa akasema mtu mwenye mgongo mbovu hapandi juu ya visigino, na Dada Mhuri akajibu kwamba mguu ni wake, na kwamba miaka ishirini na nane hakuna aliyemwona masjala na ndala, hataanza leo. Meza ikarudi kwenye lori.

Ndipo Mama Randa alipofanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo. Aliomba ruhusa kwa mkuu, akaenda kukaa masjala siku nzima, kwenye kigoda pembeni, na penseli sikioni. Wifi yake alinuna, akisema hapendi kutazamwa kama televisheni. Hakumjali. Aliona kwamba katika mlima wote ule wa faili, vitu vilivyoguswa kweli vilikuwa daftari, kidau cha wino, mhuri, na faili moja baada ya moja. Mengine yalikaa tu mezani kama wageni waliosahau kuondoka. Aliona pia kwamba Dada Mhuri alipotaka kusimama alijisukuma kwa mikono miwili juu ya meza, uso ukimkunjika, halafu haraka akaukunjua ili watu wa foleni wasione. Mama Randa aliona mara kumi na tisa, akaacha kuhesabu. Siku ile alirudi nyumbani hana utani.

Basi akaanza upya. Mumewe alitoa jeki ya lori, akasema inainua tani kumi, itashindwaje na meza? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walijaribu, meza ikapanda kweli, robo saa nzima ya kupampu, na wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini. Lakini kicheko kile kilimwachia swali: kwa nini uzito wa meza uinuliwe na mtu, wakati unaweza kuinuliwa na uzito mwingine?

Alijenga fremu, nguzo mbili zenye mifereji, na ubao wa meza ukiteleza katikati. Kila upande akapitisha kamba juu ya kapi, kile kigurudumu kama cha kisimani, na mwisho wa kamba akaning'iniza kisanduku cha mchanga. Meza ikishuka mchanga unapanda, mchanga ukishuka meza inapanda. Kwenye karatasi ilikuwa tamu. Karakanani ikakwama. Ukiinua, upande mmoja unatangulia, mwingine unabaki, halafu ubao unang'ang'ania kama mtoto wa meza, ile droo, anapovutwa upande. Alipunguza mchanga huku, akaongeza kule, akamwaga, akajaza, siku nne. Alimfokea mumewe, akamfokea jirani aliyekuja kuazima msumeno, mwisho akaifokea meza yenyewe.

Jibu alilipata akifagia mchanga. Visanduku viwili kila kimoja kina akili yake, vitapatana lini? Akavitupa, akatengeneza kimoja kipana, kikapita nyuma ya meza katikati ya mifereji yake, na kamba zote mbili akazifunga humo humo. Sasa upande mmoja haukuweza kwenda popote bila mwenzake. Akatia makomeo mawili ya kuibana meza pale utakapotaka, akaweka rafu ya faili kwenye fremu, ili milima ile isipande na kushuka bure. Halafu akainua. Vidole viwili! Aliita mumewe, akamwonyesha kwa vidole viwili, kisha kwa kimoja, na mumewe akaijaribu mara nyingi hadi akaambiwa inatosha.

Wiki ya tatu meza ikaingia masjala. Na Dada Mhuri akakataa kuiinua. Alikaa nayo siku mbili, chini, amekakamaa, jasho linamtoka. Mama Randa alipokuja kupaka mshumaa kwenye mifereji akayaona hayo, hasira zikampanda hadi utosini. Amehangaika wiki tatu kwa ajili ya nini? Wifi yake akamnong'oneza kwamba ofisini anayesimama mbele ya meza ni anayekaripiwa au anayekwenda nyumbani. Asimame peke yake mbele ya foleni nzima, watu waseme nini? Tayari wanamwonea huruma, hataki kuwaongezea.

Walikuwa bado wanarushiana maneno ya chinichini pale dirisha lilipogongwa. Alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo na koti lililofubaa, amekuja kwa ajili ya kiwanja chake. Mgongo wa Dada Mhuri ukachagua saa ileile kumkata kama kisu. Hakuweza tena. Akafyatua makomeo, akainua meza, akasimama nayo, akamtazama mzee ana kwa ana. Mzee akavua kofia. Akasema kwamba amekuja ofisi hii miaka sita, na hakuna mtu aliyewahi kumsimamia kwa heshima namna hii.

Mama Randa alimkanyaga wifi yake mguu asije akaeleza. Ila Dada Mhuri hakuwa na nia ya kueleza chochote. Alimsikiliza mzee yule amesimama, akamtafutia faili, akamwandikia. Aliyefuata akasimamiwa pia, na wa tatu, mpaka nusu saa ikaisha akakaa, na aliyemkuta amekaa hakuona kasoro, maana naye alikaribishwa kiti. Kufikia Jumatano ya wiki iliyofuata maneno yalikwisha zagaa kwamba ofisi ya ardhi kuna mama anayeheshimu watu. Foleni ikawa ndefu zaidi, lakini ikawa inatembea, na mlima wa faili ukaanza kuonyesha ukuta wa nyuma.

Furaha ile ingetosha, kama si barua. Mkuu hakungoja mwisho wa mwezi. Jumatatu ya wiki ya nne alikwisha iandika. Na barua ya mkuu kwenda makao makuu hupita wapi? Masjala. Dada Mhuri aliipokea pamoja na nyingine, akaisoma kichwa: kustaafishwa kwa mtunza masjala kwa sababu za afya. Akaiandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri, akaipa namba, akaigonga mhuri, akaiweka kwenye mfuko wa barua ambao ungeondoka Ijumaa mchana. Mama Randa aliposikia alishika kichwa. Akamwambia barua huwa zinapotea, dunia nzima barua zinapotea. Wifi yake akamtazama kama aliyeambiwa amuuze mama yake mzazi.

"Kwangu hazipotei," alisema.

Ijumaa Mama Randa hakuwa na kazi yoyote masjala, kwa hiyo alikuja na chupa ya mafuta akajifanya anakagua kapi. Saa nne mkuu akaingia. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatazama. Meza ilipanda, ikashuka, ikapanda. Alitazama kabati, alitazama foleni, akatazama saa yake. Mama Randa alizipaka mafuta kapi zilezile mara nne. Mwishoni mkuu alinyanyuka, akaja dirishani zamu yake ilipofika, akaomba kwa upole arudishiwe ile barua ya Jumatatu.

"Haiwezekani, mkuu," Dada Mhuri akajibu.

Mama Randa alitamani ardhi ipasuke. Mkuu akadhani hakusikika, akarudia. Naye Dada Mhuri akamweleza kwamba barua ikishapewa namba ni mali ya daftari, na haitoki mfukoni ila kwa barua nyingine inayoiondoa. Ndiyo utaratibu. Alifundishwa hivyo, na amewafundisha hivyo wakuu watano kabla yake.

Mkuu akaomba kalamu. Akazunguka akaingia ndani, kiti akakikataa, Dada Mhuri akampisha, akaipandisha meza mpaka komeo la juu kabisa, na yule bwana mrefu akaegemeza viwiko vyote viwili juu yake, na uzito wake wote. Mama Randa akafumba macho. Meza haikutikisika. Mkuu aliandika mistari mitatu amesimama wima, kwamba mtumishi aliyetajwa anaimudu kazi yake, na barua ya awali ifutwe. Akatia sahihi, akasema, "Tafadhali iandikishe," akaenda zake.

Dada Mhuri akaivuta karatasi. Akaandika tarehe, akaandika namba, na machozi yakawa yanaangukia daftari, yeye anayakausha kwa karatasi ya kukaushia wino ili yasiharibu mstari. Nyuma ya makabati Mama Randa alikuwa analia pia, bila aibu, chupa ya mafuta mkononi. Mhuri ukagongwa. Kisha Dada Mhuri akajifuta macho kwa kiganja, akaishusha meza kutoka kwenye urefu wa mkuu hadi kwenye urefu wake, akafunga makomeo, akasimama sawasawa, akaita:

"Anayefuata."