Fundi wa akala aliyebisha hodi kwa waliomtukana mtandaoni

Saa moja na nusu asubuhi katika soko la Kariokor, Nairobi. Bi Ndindi Musembi, 47, amebana kipande cha tairi katikati ya magoti na anakikata kwa kisu alichokilowesha maji. Mteja anasimama mbele ya meza yake, anazitupia jicho akala, ndara za matairi zilizopangwa hapo, kisha anamkazia yeye macho.

"Wewe si ndiye yule wa video?"

"Ndiye mimi," Bi Ndindi anajibu huku akiendelea kukata. "Unavaa nambari gani?"

Swali hilo amekuwa akilijibu tangu Februari. Video yenyewe ni ya sekunde kumi na tisa. Inamwonyesha akitupa jozi ya akala chini na kufoka: "Toka hapa! Usirudi tena!" Juu yake pameandikwa: "Tapeli wa Kariokor."

Kisichoonekana ni dakika kumi za kabla ya hapo. Mteja aitwaye Mugo, karani wa miaka 38 na baba wa watoto wawili, alirudisha akala alizozivaa miezi saba akitaka apewe jozi mpya. Alipokataliwa, alimwita Bi Ndindi mwizi, kisha akamtukania mamake, aliyekuwa amezikwa wiki tatu tu kabla. Mafundi wawili wa meza za karibu wanathibitisha hayo.

"Alingoja nikasirike, ndipo akatoa simu," anasema Bi Ndindi. "Mtu mzima, mwenye watoto wake!"

Kufikia jioni, video ilikuwa imeingia katika kundi la WhatsApp la wakazi wa Jericho, mtaa ambao ameishi kwa miaka kumi na tisa. Mmoja aliandika kwamba ana uso wa mwizi. Mwingine aliuliza kama watoto wake ni wa mumewe kweli. Sokoni, aliyezoea kuuza jozi kumi kwa siku akawa anauza mbili.

Ukimwambia kwamba simu zimewaharibu vijana, anaweka kisu chini.

"Vijana gani?" anauliza, sauti ikipanda. "Kati ya walionitukana ninaowajua, mdogo kabisa ana miaka thelathini na minne. Kuna mzee wa kanisa! Asubuhi ananiambia, 'Bwana asifiwe, mama.' Saa nne yuko kwenye simu ananiita nguruwe."

Alilia siku nne. Siku ya tano alikwenda kwenye duka la saiba, la huduma za intaneti, akachapisha matusi yote, kurasa tisa, na kupigia mstari majina ya watu kumi na mmoja anaowafahamu. Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alivaa rinda lake la kanisani na kuanza kubisha hodi.

Kila aliyefungua mlango alipewa karatasi na ombi moja: "Nisomee ulichoandika. Hapa, mbele yangu."

Hakuna aliyefika mwisho. Wawili walitokwa na machozi. Mmoja alifunga mlango. Mzee Ochola, 61, mstaafu wa reli na ndiye huyo mzee wa kanisa, aliitisha miwani, akasoma kimya, kisha akasema simu yake huchezewa na wajukuu.

"Wajukuu wake wako Siaya," anasema Bi Ndindi. "Nilimwambia hivyo. Akanikaribisha chai!"

Mlango uliomuumiza zaidi ni wa Maurine Adhiambo, mshonaji wa nguo anayeishi mkabala naye. Mwaka wa 2019, Bi Ndindi alipofanyiwa upasuaji, Maurine alimwogesha na kumpikia kwa wiki mbili. Chini ya video ile, kwenye ukurasa wa Mugo, Maurine aliandika: "Huyo namjua. Ni jeuri hata nyumbani kwake."

Mwandishi alipomtembelea, Maurine hakukana.

"Niliona watu wanacheka, na mimi nikaandika," alisema akikunja na kukunjua kitambaa. "Nilipata laiki mia mbili na arobaini. Mimi naweza kumaliza wiki nzima hakuna mtu ameniambia kitu kizuri. Siku hiyo nilijiona mtu."

Je, angeweza kumwambia Ndindi maneno hayo ana kwa ana?

"Ndindi?" Alishtuka. "Siwezi. Si ni rafiki yangu?"

Siku ile mlangoni, Maurine alimrudishia Bi Ndindi karatasi. Jioni yake alituma ujumbe wa sauti wa kuomba msamaha, pamoja na picha ya mikono miwili iliyounganishwa. Bi Ndindi hajaufungua hadi leo.

"Alinitukana kwa simu, sasa anataka kunililia kwa simu? Milango yetu inatazamana! Aje."

Mugo naye, Bi Ndindi alimpata kwa simu. "Mathe, usikasirike hivyo, hiyo ilikuwa kontenti tu, ya kuchekesha watu mtandaoni," alimwambia. Aliifuta video, lakini watu wengine walikuwa wameshaisambaza. Hakuomba radhi.

"Mimi si kontenti," anasema Bi Ndindi. "Nina jina. Nina mama nimezika."

Wateja wameanza kurudi polepole, wengine wakija kumtazama kwanza na kununua baadaye. Hilo halijampoza hasira. Ameiandikia kamati ya mtaa akitaka kanuni moja: mwenye kinyongo na jirani aende kwake kwanza kabla ya kuandika lolote kwenye kundi, na atakayekaidi aondolewe.

Katibu wa kamati, Bedan Muriuki, anakiri kwamba pendekezo hilo lina wapinzani. "Wengine wanasema tunataka kuwaziba midomo," anasema. Litajadiliwa Jumamosi ijayo katika mkutano wa wakazi, na Bi Ndindi ameomba kiti chake kiwekwe mbele, kielekezwe kwa watu.

"Sitatoa hotuba," anasema. "Nitakaa niwatazame. Mwenye neno juu yangu ainue mkono, asimame, ataje jina lake, kisha aanze."